Upande, Pembe na Urefu: Lugha ya Kufundishia Misingi ya Mchoro wa Isometriki

IKISIRI

Makala hii inaeleza misingi ya mchoro wa isometriki katika uhandisi na papo hapo inachunguza maneno ambayo mwalimu na mwanafunzi huyatumia wanapoufundisha na kujifunza. Hoja kuu ni kwamba makosa kadhaa ya msingi ya wanaoanza hayatokani na udhaifu wa mkono, bali yanatokana na maneno machache ya kawaida ambayo kila moja hubeba maana mbili ambazo mchoro huu hauna budi kuzitenganisha. Inaonyeshwa kwamba maneno ya kuzitenganisha maana hizo yamo tayari katika Kiswahili cha hisabati na cha mafundi, na kwamba jina lenyewe la mchoro, likielezwa vizuri, linabeba kanuni yake yote.

1.0 UTANGULIZI

Kila kitu kinachotengenezwa karakanani kina urefu, upana na kimo. Karatasi ambayo kitu hicho huchorwa juu yake ina urefu na upana peke yake. Uchoraji wa kihandisi ni jumla ya kanuni zinazoziba pengo hilo. Kanuni hizo humwezesha mtu mmoja kuliweka umbo lenye vipimo vitatu katika bapa lenye vipimo viwili, na kumwezesha mtu mwingine, ambaye pengine hatakutana kamwe na wa kwanza, kulirudisha umbo hilo kama lilivyokuwa.

Haja ya kanuni hizo haijitokezi sana pale ambapo mbunifu na mtengenezaji ni mtu yule yule. Fundi wa majahazi wa mwambao wa Afrika Mashariki aliweza kuunda chombo kizima bila mchoro wa karatasi, kwa kuwa umbo alikuwa nalo akilini na vipimo alikuwa navyo mikononi. Lakini kazi inapogawanywa, mmoja akabuni, wa pili akakata na wa tatu akaunganisha, mchoro hugeuka kuwa lugha. Na kama ilivyo kwa lugha yoyote ile, msemaji na msikilizaji hawana budi kukubaliana juu ya maana ya kila alama.

Nchini Tanzania suala hili lina uzito wa pekee. Aghalabu mwanafunzi hujifunza maumbo ya hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, hukutana na uchoraji wa kihandisi katika vitabu vya Kiingereza anapofika sekondari au chuoni, kisha huingia karakanani ambamo maelekezo hutolewa kwa Kiswahili. Katika safari hiyo, maneno aliyoyazoea nyumbani na shuleni humfuata hadi kwenye ubao wa kuchorea, nayo hayajatayarishwa kwa kazi hiyo. Akikosea, huambiwa kwamba hana kipaji cha kuchora. Makala hii inashikilia kwamba hukumu hiyo isitolewe kabla ya kuchunguza alichoambiwa achore.

2.0 MAANA NA ASILI YA MCHORO WA ISOMETRIKI

2.1 Jina

Neno isometriki limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: isos, yaani 'sawa', na metron, yaani 'kipimo'. Kwa hiyo mchoro wa isometriki ni mchoro wa vipimo sawa. Swali la msingi, ambalo mwanafunzi mara chache hulisikia likijibiwa, ni hili: vipimo vya nini vilivyo sawa, na vilivyo sawa na nini?

Aliyeeleza mfumo huu kwa utaratibu wa kitaaluma ni William Farish, profesa wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1822. Farish alikuwa akifundisha kwa kutumia mifano ya mitambo iliyoundwa kwa vipande vinavyounganishwa na kufunguliwa. Kwa vile mifano hiyo ilibomolewa na kuundwa upya kwa ajili ya mihadhara, wasaidizi wake walihitaji maelekezo yatakayowaonyesha kila kipande kinakaa wapi. Hapa panaonekana dhahiri lile lililosemwa katika utangulizi, kwamba mchoro huu ulihitajika pale mwenye wazo na mwenye mikono walipokuwa watu wawili.

2.2 Kanuni

Ili kuelewa usawa unaozungumziwa, na uchukuliwe mchemraba. Ukitazamwa ana kwa ana, huonekana mraba mmoja tu, na kina chake hakionekani. Ukigeuzwa kidogo na kuinamishwa, huonekana nyuso tatu, lakini kwa kawaida moja huonekana pana na nyingine nyembamba. Kuna mkao mmoja ambapo kona moja ya mchemraba huelekea moja kwa moja kwenye jicho, na kona iliyo mkabala nayo hujificha nyuma yake kabisa. Katika mkao huo nyuso tatu huonekana kwa ukubwa ulio sawa, na kingo tatu zinazokutana katika kona ya karibu huwa zimeinama kwa kiasi kile kile, yaani takribani nyuzi 35 na dakika 16 kutoka kwenye bapa la picha.

Kwa kuwa kingo hizo tatu zimeinama sawasawa, zote hufupika sawasawa. Ukingo wa milimita 100 huonekana kama wa milimita 81.6, uwe ni ukingo wa urefu, wa upana au wa kimo. Hapa ndipo lilipo jibu la swali la awali. Vipimo vilivyo sawa ni vya mielekeo hiyo mitatu, na usawa wake ni kwamba skeli moja hutumika kwa yote. Na kwa vile ufupikaji ni wa kiwango kimoja, wachoraji wa kihandisi kwa kawaida huuacha, wakachora milimita 100 kama milimita 100. Picha huwa kubwa kidogo kuliko inavyoonekana kwa jicho, lakini umbo halibadiliki.

Mambo mawili yafuata kutokana na kanuni hii. La kwanza ni kwamba mistari iliyo sambamba katika kitu hubaki sambamba katika mchoro. Haikaribiani kadiri inavyokwenda mbali, kama reli za garimoshi zinavyoonekana kwa macho au katika picha ya kamera. La pili, ambalo ndilo chanzo cha makosa mengi, ni kwamba usawa wa vipimo umeahidiwa kwa mielekeo mitatu tu. Nje ya mielekeo hiyo, mchoro haukuahidi kitu.

3.0 MIHIMILI NA MASANDUKU

3.1 Vifaa na mistari ya mwanzo

Vifaa vya lazima ni ubao wa kuchorea, rula ya T, kiguni cha nyuzi 30 na 60, rula ya milimita, bikari, penseli ngumu ya mistari hafifu na penseli laini ya mistari ya mwisho. Kiguni ndicho chenye kazi kubwa zaidi. Kikiegemezwa juu ya rula ya T, hutoa mielekeo yote mitatu inayohitajika bila kupima pembe hata moja.

Mchoraji huanza kwa kupiga mstari hafifu wa mlalo karibu na sehemu ya chini ya karatasi, kisha huchagua nukta moja juu yake. Kutoka katika nukta hiyo hupiga mistari mitatu: mmoja wa wima kwenda juu, wa pili kwenda kulia ukipanda kwa nyuzi 30 kutoka mlalo, na wa tatu kwenda kushoto ukipanda vivyo hivyo. Mistari hii mitatu ndiyo mihimili. Mstari wa mlalo wa mwanzo umekwisha kazi yake na unaweza kufutwa, kwani katika mchoro wenyewe hakuna ukingo wa sanduku utakaolala juu yake.

3.2 Urefu na kimo

Ugumu wa kwanza wa lugha hujitokeza hapa hapa. Mihimili ni mitatu, na kila mmoja unahitaji jina lake. Katika mazungumzo ya kawaida, hata hivyo, neno urefu hubeba mihimili miwili. Barabara ni ndefu na mnazi ni mrefu. Urefu wa barabara umelala na urefu wa mnazi umesimama. Msikilizaji huamua kutokana na kitu kinachotajwa, kwani anajua jinsi barabara na mnazi zilivyokaa. Lakini kipande cha chuma kinachoelezwa kwa mara ya kwanza hakina mkao unaojulikana. Mwanafunzi akiambiwa "urefu wake ni milimita 80", anaweza kwa haki kabisa kuuweka juu ya mhimili wa wima.

Kiswahili cha hisabati kina neno la kuondoa utata huu, nalo ni kimo. Inafaa mwalimu ashikilie tangu somo la kwanza kwamba kimo hukaa juu ya mhimili wa wima peke yake, na kwamba urefu na upana hugawana mihimili miwili ya kulia na kushoto. Neno urefu likitumiwa kwa wima darasani, hata mara moja, mpaka huo huvunjika.

3.3 Upande, uso na ukingo

Ugumu wa pili umo katika neno upande. Husemwa kwamba pembetatu ina pande tatu, na hapo upande ni mstari. Husemwa pia kwamba sanduku lina pande sita, na hapo upande ni bapa zima. Maadamu maumbo yanayofundishwa ni ya bapa, utata haudhuru. Lakini maelekezo kama "chora upande wa kulia wa mchemraba" humwacha mwanafunzi asijue kama apige mstari mmoja au minne.

Dawa yake ni kuliacha neno upande libaki na maana ya mwelekeo, kama katika upande wa kulia, na kutumia maneno matatu yaliyo wazi kwa sehemu za kitu: uso kwa bapa, ukingo kwa mstari ambapo nyuso mbili hukutana, na kona kwa nukta ambapo kingo hukutana. Hivyo mchemraba una nyuso 6, kingo 12 na kona 8. Katika mchoro wa isometriki wa mchemraba huonekana nyuso 3, kingo 9 na kona 7. Mwanafunzi anayeweza kuzihesabu kwa majina haya hutambua mwenyewe pale alipoacha mstari.

Neno mbele nalo halina budi kuangaliwa. Mbele ya nyumba ni pale penye mlango, hata kama msemaji amesimama uani. Mbele ya jiwe hutegemea aliposimama msemaji, kwani jiwe halina uso wake. Vipande vya karakanani ni kama jiwe. Ni salama zaidi kusema uso wa kulia, uso wa kushoto na uso wa juu, na kuita ukingo wa wima unaoanzia katika nukta ya kwanza ukingo wa karibu.

3.4 Kuchora sanduku

Kwa maneno hayo, hatua za kuchora mchemraba wa milimita 60 zinaweza kuelezwa kwa ufupi. Milimita 60 hupimwa juu ya kila mhimili kutoka nukta ya kwanza. Kutoka katika alama mbili za mihimili ya chini hupigwa mistari ya wima. Kutoka juu ya ukingo wa karibu hupigwa mistari miwili, mmoja sambamba na mhimili wa kulia na mwingine sambamba na wa kushoto, hadi ikutane na mistari ya wima. Kutoka katika makutano hayo mawili hupigwa mistari miwili ya mwisho, kila mmoja sambamba na mhimili wa upande wa pili, nayo hukutana na kuufunga uso wa juu. Kingo tatu zilizojificha nyuma hazichorwi isipokuwa pale zinapohitajika ili kuondoa utata, na zikichorwa hupigwa kwa mistari iliyokatikakatika.

4.0 PEMBE INAYOONEKANA NA PEMBE ILIYOPO

Mchemraba ukishakamilika, mwanafunzi apewe kipimapembe na aulizwe pembe za kona ya juu ya ukingo wa karibu. Atapata pembe tatu za nyuzi 120. Akipima kwenye kona ya chini ya ukingo huo huo, atapata pembe mbili za nyuzi 60. Katika nyuso zote tatu, kila uso una pembe mbili za nyuzi 120 na mbili za nyuzi 60. Lakini kila mtu anajua kwamba uso wa mchemraba ni mraba, nao mraba una pembe nne za nyuzi 90. Katika mchoro mzima wa mchemraba hakuna pembe mraba hata moja.

Hapa ndipo neno pembe linapodai uangalifu. Katika Kiswahili cha kila siku pembe ni kona: pembe ya chumba, pembe ya meza. Katika hisabati pembe ni kiasi cha mzunguko baina ya mistari miwili inayokutana. Nyumbani maana hizi mbili haziachani, kwani pembe ya chumba ni mraba kwa macho na kwa kipimo. Katika mchoro wa isometriki huachana kabisa: kona ni ile ile, lakini pembe ya karatasini si pembe ya kitu. Mwanafunzi anayeamini kwamba pembe ni kona hulazimisha kiguni kitoe nyuzi 90 pale ambapo kona ya kitu ni mraba, na matokeo yake ni sanduku lililopinda. Anakuwa mwaminifu kwa neno aliloambiwa.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba neno kona, ambalo mafundi wanalo tayari, litumike kwa sehemu ya kitu, na neno pembe lisitamkwe bila kuongezewa kijalizo: pembe ya kitu au pembe ya mchoro. Kauli "pembe ya kitu ni nyuzi 90, pembe ya mchoro ni nyuzi 120" ni fupi, nayo huondoa makosa ambayo saa nzima ya kufuta na kuchora upya haiyaondoi.

5.0 MISTARI YA NJE YA MIHIMILI

5.1 Ulalo

Mistari iliyo sambamba na mhimili mmojawapo inaweza kuitwa mistari ya mihimili. Mistari mingine yote ni mistari ya nje ya mihimili, nayo haipimwi kwa rula. Ushahidi wa kanuni hii umo katika mchemraba ule ule. Uso wa kulia ni mraba wa milimita 60, na ulalo wake halisi, yaani mstari unaounganisha kona mbili zinazokabiliana, ni karibu milimita 84.9. Lalo zote mbili za mraba ni sawa. Zikipimwa karatasini, ule unaounganisha kona za pembe kali hupatikana kuwa milimita 103.9, na ule unaounganisha kona za pembe butu hupatikana kuwa milimita 60 kamili. Mistari miwili iliyo sawa katika kitu imetofautiana katika mchoro, na hata mmoja wao haukutoa kipimo cha kweli.

Ni vyema kutaja hapa mtego mdogo wa matamshi. Mlalo na ulalo yamezaliwa na kitenzi kimoja, lala, nayo yanatofautiana kwa sauti moja tu ya mwanzo. Mlalo ni mwelekeo wa maji yaliyotulia. Ulalo ni mstari wa kona hadi kona. Katika darasa lenye kelele za mashine, au kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, maneno haya hubadilishana kwa urahisi. Mwalimu anaweza kusema "mstari wa kona hadi kona" mpaka darasa lizoee.

5.2 Mfano wa uso ulioinama

Na uchukuliwe kipande cha mbao chenye urefu wa milimita 80, upana wa milimita 50 na kimo cha milimita 60. Kimekatwa mshazari, hivi kwamba mwisho wake mmoja umebaki na kimo cha milimita 20 tu. Kutoka hapo uso ulioinama hupanda, ukikamilisha kimo cha milimita 60 baada ya kusafiri milimita 50 za urefu. Milimita 30 zilizobaki za urefu ni bapa la juu. Kwa kanuni ya Pythagoras, ukingo ulioinama ni milimita 64.0, nao umepanda kwa karibu nyuzi 39.

Mwanafunzi anayeanza hushawishika kupima nyuzi 39 na milimita 64. Njia hiyo haina matumaini, kwa kuwa si pembe ile wala urefu ule uliomo katika mchoro. Njia sahihi ni ya sanduku. Kwanza huchorwa kwa mistari hafifu sanduku kamili la 80 kwa 50 kwa 60, urefu ukielekea kulia na upana ukielekea kushoto. Pili, katika ukingo wa karibu hupimwa milimita 20 kutoka chini na kutiwa alama. Tatu, katika ukingo wa juu wa uso wa kulia hupimwa milimita 50 kutoka kona ya karibu na kutiwa alama. Alama zote mbili zimepatikana juu ya mistari ya mihimili, ambapo rula inaaminika. Nne, alama hizo huunganishwa, na ukingo ulioinama umepatikana bila kupimwa. Tano, kutoka katika kila alama hupigwa mstari sambamba na mhimili wa kushoto, wa milimita 50, na ncha zake huunganishwa kwa mstari sambamba na ukingo ulioinama. Mwisho, sehemu ya sanduku iliyokatwa hufutwa, na kingo za kipande hukolezwa kwa penseli laini.

Ukingo huo ulioinama ukipimwa karatasini, utapatikana kuwa milimita 78.1, na pembe yake kutoka mlalo ni karibu nyuzi 56. Kipande hicho hicho kikigeuzwa ili mwisho wake mrefu uwe karibu na mtazamaji, ukingo ule ule huonekana kama milimita 45.8 tu, nao katika mchoro hushuka kwa karibu nyuzi 19. Aidha, uso ulioinama huonekana mwembamba mno, ilhali katika mkao wa kwanza ulionekana vizuri. Kuna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mchoraji achague mkao unaouelekeza uso wenye habari nyingi kwa mtazamaji. La pili ni zito zaidi. Fundi atakayeweka rula juu ya mstari wa nje ya mihimili na kukata bati la kufunikia uso huo atalikata likiwa refu kwa milimita 14 au fupi kwa milimita 18, kutegemea jinsi kitu kilivyogeuzwa, na mchoro hautakuwa na kosa lolote. Kosa litakuwa la msomaji ambaye hakuambiwa ahadi ya mchoro inaishia wapi.

6.0 DUARA

Duara lililochorwa juu ya uso wa mchemraba halionekani kama duara bali kama duaradufu, kwa sababu ile ile iliyoufanya mraba uonekane kama msambamba. Njia ya kawaida ya kulichora kwa bikari ni ya vitovu vinne. Kwa duara lenye kipenyo cha milimita 60, huchorwa kwanza msambamba wa isometriki wenye pande za milimita 60, na nukta ya katikati ya kila mstari wake hutiwa alama. Kutoka katika kila kona ya pembe butu hupigwa mistari miwili hadi kwenye nukta za kati za mistari miwili iliyo mkabala nayo. Mistari hiyo minne hukatana katika nukta mbili zilizo juu ya ulalo mrefu.

Vitovu vinne vimekwisha kupatikana: kona mbili za pembe butu, na makutano hayo mawili. Kutoka katika kona hupigwa matao mawili makubwa yenye nusukipenyo cha karibu milimita 52. Kutoka katika makutano hupigwa matao mawili madogo yenye nusukipenyo cha karibu milimita 17.3. Matao yote manne hukutana katika nukta za kati, na umbo hufungika.

Mwanafunzi aelezwe wazi kwamba umbo hili ni la kukaribia tu. Duaradufu halisi ingekuwa na urefu wa milimita 73.5 na upana wa milimita 42.4, ilhali hii ya matao ina milimita 69.3 kwa 43.9. Kwa michoro ya kawaida tofauti hiyo huvumilika. Panapohitajika usahihi zaidi, nukta kadhaa za duara hupimwa kwa mihimili, moja baada ya nyingine, zikahamishiwa katika mchoro na kuunganishwa kwa mkono. Njia hiyo si kanuni mpya. Ni ile ile iliyotumika kwa uso ulioinama: kisichoweza kupimwa hufikiwa kwa kupima vinavyopimika.

7.0 ISTILAHI: KUKOPA AU KUFASIRI?

Je, Kiswahili kiseme mchoro wa isometriki au mchoro wa vipimo sawa? Wanaotetea ukopaji husema kwamba neno la kimataifa humwezesha msomaji kuvuka kutoka kitabu cha lugha moja hadi cha lugha nyingine. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwa mwanafunzi ambaye mtihani wake utakuwa wa Kiingereza. Wanaotetea fasiri husema kwamba neno linaloeleweka hufundisha lenyewe. Hoja hiyo nayo ina nguvu, kama sehemu za 2.0 na 5.0 zilivyoonyesha: mwenye kujua kwamba jina la mchoro linahusu usawa wa vipimo katika mihimili mitatu hawezi kupima ulalo bila kusita.

Hoja hizi mbili hazina haja ya kupigana. Neno isometriki libaki kuwa jina, na fasiri yake iwe ndiyo sentensi ya kwanza ya somo: mchoro wa vipimo sawa katika mihimili mitatu. Kosa liko katika kukopa jina na kuiacha maana yake ng'ambo. Mwanafunzi aliyepewa jina tupu hulikariri, na kila kanuni inayofuata humjia kama amri isiyo na sababu.

Ipo pia dhana kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia uhandisi mpaka orodha ndefu ya istilahi mpya ikamilike. Mfano huu hauiungi mkono dhana hiyo. Maelezo yote yaliyotolewa hapa yametegemea maneno yaliyokuwapo: mhimili, wima, mlalo, ulalo, mshazari, sambamba, msambamba, mchemraba, duaradufu, nusukipenyo, tao, uso, ukingo, kona na kimo, pamoja na mikopo michache iliyozoeleka kama skeli, rula, penseli na milimita. Kilichohitajika ni nidhamu ya kulitumia kila neno kwa kazi moja. Utungaji wa istilahi na unyooshaji wa matumizi ya maneno yaliyopo ni kazi mbili tofauti, na ya pili haipaswi kuingoja ya kwanza.

8.0 HITIMISHO

Makala hii imeeleza kwamba mchoro wa isometriki hujengwa juu ya mihimili mitatu yenye skeli moja, kwamba umbo lolote huanza na sanduku, kwamba mistari ya nje ya mihimili hupatikana kwa kuunganisha nukta na wala si kwa kupimwa, na kwamba duara hugeuka duaradufu. Imeonyeshwa pia kwamba katika kila hatua lipo neno linaloweza kumpoteza anayeanza: urefu unapochukua nafasi ya kimo, upande unapochanganya uso na ukingo, pembe inapochanganya kona na kipimo, na mlalo unaposikika kama ulalo.

Mapendekezo ni mawili. Kwanza, walimu wa uchoraji wa kihandisi na walimu wa Kiswahili wakae pamoja na kukubaliana juu ya maneno yasiyozidi kurasa mbili, yatakayotumika kwa maana moja darasani na karakanani. Pili, mwalimu anaposahihisha kazi iliyopinda, kabla ya kuandika alama, amwombe mwanafunzi aeleze kwa maneno yake alichokusudia kuchora. Mara nyingine itadhihirika kwamba mkono ulifuata vizuri sana neno ambalo halikuwa sahihi. Neno likisahihishwa, mkono utafuata tena.